Neno la Juma: "Free" si bure kila mara



Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza likelemba, mama mmoja wa Mangobo alitoa vitu viwili kwenye kikapu chake akaviweka mezani mbele yetu: pakiti ya biskuti na mfuko wa maziwa ya unga. Vyote viwili vilitoka Uganda kwa lori, vikapita Kasindi na Beni, vikafuata barabara hiyo ndefu tunayoijua hadi soko letu. Maandishi yake yote ni ya Kiingereza. Kwenye biskuti wameandika "sugar free". Kwenye maziwa wameandika "20% free". Mama akatuuliza: "Ninyi walimu, mniambie. Hili ni neno moja ao ni mawili?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mama yake mzazi anakaa naye, na ana ugonjwa wa sukari. Juma lililotangulia, dukani, alimwonyesha binti yake wa darasa la nne la sekondari pakiti ile ya biskuti. Binti alisoma bila kukwama: "sugar" ni sukari, "free" ni bure. Sukari ya bure. Maana yake wameongeza sukari na hawaombi pesa juu yake! Mama aliirudisha pakiti haraka, akachukua biskuti nyingine za kawaida ambazo hazikuandikwa "free" popote. Koko alizila na chai siku nne mfululizo. Siku ya tano kiu haikukatika, macho yakaona ukungu, wakampeleka kupimwa. Sukari ilikuwa imepanda sana. Muuguzi alipouliza mgonjwa amekula nini siku hizo, habari ya biskuti ikatoka. Koko yuko nyumbani sasa na anaendelea vizuri. Ile pakiti ya "sugar free" mama alirudi kuinunua atuletee sisi, tuone kwa macho.

Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, kwa sababu kosa si la binti. Ni letu. Sisi ndio tunaosimama na chaki mkononi na kuandika ubaoni: "free" = bure. Mtoto anaandika kwenye daftari, anakariri, anapata alama kumi juu ya kumi, na mambo yanaishia hapo. Hatukumwambia kwamba neno hilo linabeba mizigo mingi, na kwamba mahali linapokaa katika maneno ndipo panapoonyesha ni mzigo gani.

Tuanze na mahali. Kwa Kiswahili tunataja kitu kwanza, kisha tunasema ni cha namna gani: sukari nyeupe, sukari ya bure. Kwa Kilingala ni vilevile. Kwa Kifaransa pia, mara nyingi. Kiingereza kinakwenda kinyume: sifa inatangulia, kitu kinafuata. Basi kama mfanyabiashara anataka kusema kwamba anakupa sukari bila malipo, ataandika "free sugar". Neno "free" linakaa mbele. Lakini likikaa nyuma ya jina la kitu, "sugar free", maana inageuka: kitu hicho hakimo. Hakuna sukari. Binti alisoma maneno ya Kiingereza kwa mpangilio wa Kiswahili, na hata sisi tungefanya hivyo kama hakuna mtu aliyetuonya. Katika vitabu huwa wanaunganisha maneno hayo mawili kwa kistari, na kistari hicho kinasaidia sana. Kwenye pakiti wanakiacha mara nyingi, labda ili maandishi yapendeze.

Sasa mfuko wa maziwa. "20% free" ni kitu kingine. Hapo hawataji kitu kisichokuwamo. Wanasema sehemu ishirini juu ya mia imeongezwa na huilipii. Kama mfuko wa kawaida ni gramu 500, huu unapaswa kuwa na gramu 600. Na hapo mama ana haki ya kuhakikisha: tafuta uzito ulioandikwa chini ya mfuko, ulinganishe na ule mfuko mwingine kwenye rafu. Kama yote miwili imeandikwa gramu 500 na bei ni ileile, hiyo "free" ni maneno matupu. Tulifanya hesabu hiyo pale mezani na mfuko wa mama yetu. Ulikuwa sawa.

Kwa hiyo vitu viwili juu ya meza moja, neno lilelile, na moja linasema "kimeongezwa", lingine linasema "hakimo". Mama mmoja alisema Waingereza wanatuonea. Hapana. Ukichimba chini utakuta mzizi ni mmoja, na mzizi huo tunaweza kuushika kwa neno letu la Kiswahili: bila. Kila mara unapokutana na "free", jiulize: bila nini? "Sugar free": bila sukari. "Free sugar": sukari bila malipo. "Alcohol free": bila pombe, na mama mwenye mimba anaweza kuitafuta alama hiyo. "Lactose free", kwenye maziwa: bila ile sukari ya asili ya maziwa ambayo matumbo ya watu wengine hayaiwezi. "Caffeine free": bila kile kitu cha kahawa na chai kinachozuia usingizi. "Fragrance free", kwenye sabuni ao mafuta ya mtoto: bila manukato, nzuri kwa ngozi inayowasha. "Duty free", kwenye uwanja wa ndege: bila kodi ya forodha. Hata pale ambapo mtu anasema "I am free", anasema hana kizuizi. Hana kifungo, hana kazi saa hiyo, hana bwana juu yake. Ni kizuizi gani, utajua kwa maneno yanayozunguka.

Hapa tusimame kidogo kwa ajili ya wale wanaotunza wagonjwa wa sukari, kwa sababu tuliona baadhi yenu mmeanza kuandika jina la biskuti zile ili mkazinunue. "Sugar free" haimaanishi kwamba mgonjwa anaweza kula pakiti nzima. Kanuni ya kimataifa ya vyakula, ile ya Codex Alimentarius, inaruhusu kuandika hivyo kama sukari haipiti nusu gramu katika gramu 100. Sawa. Lakini biskuti ni unga, na unga mwilini unageuka kuwa sukari, kama vile ugali, mkate, wali na ndizi vinavyogeuka. "Sugar free" inakuambia habari ya sukari tu, haikuambii habari ya unga. Na kuna maandishi mengine yanayofanana nayo, "no added sugar", yaani hawakuongeza sukari. Hayo ni tofauti tena: juisi ya matunda isiyoongezwa sukari ina sukari ya matunda yenyewe, na inaweza kuwa nyingi. Kabla ya kubadilisha chakula cha mgonjwa, peleka pakiti kwa muuguzi ao daktari wake.

Tulipofika kwenye maana ile ya "mtu asiye na bwana", mama mmoja mzee wa Lubunga alisema: "Lakini sisi neno hilo tunalo. Ni mwungwana." Tulifurahi sana, maana hatukuwa tumelifikiria. Ni kweli kabisa. Mwungwana, katika Kiswahili cha zamani, ni mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa wa mtu. Leo tunalitumia kwa mtu mwenye adabu, na maana ya kwanza imesahauliwa. Lakini jina la Kiswahili chetu, Kingwana, limetoka hapo hapo: lugha ya Waungwana. Ndivyo walivyojiita watu wa misafara waliofika huku na akina Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, kutoka Unguja. Mnamo 1887 huyo Tippu Tip aliwekwa na mfalme Leopold awe gavana wa Stanley Falls, yaani hapa kwetu. Na jambo la ajabu ni hili: wengi wa hao waliojiita Waungwana walikuwa watumwa wao wenyewe, wa Tippu Tip ao wa wafanyabiashara wengine. Walivaa jina la uhuru kama mtu anavyovaa koti la kuazima.

Neno la Kiingereza nalo lilianzia karibu na hapo. Wanaojifunza historia ya lugha wanasema "free" na "friend", rafiki, ni ndugu wa mzizi mmoja, mzizi wenye maana ya kupenda. Walio huru walikuwa wale wa nyumbani, wapendwa, wa ukoo. Watumwa hawakuhesabiwa humo. Maana ya "bila malipo" ilikuja baadaye sana.

Na kwa kuwa tumetaja Leopold, hatuwezi kupita bila kusema habari hii, maana inawahusu watoto wenu wanaosoma historia. Nchi yetu, kuanzia 1885 hadi 1908, kwa Kifaransa iliitwa État Indépendant du Congo. Waingereza waliiita "Congo Free State". Mtoto akitafsiri kwa daftari lake atapata "Serikali ya Bure ya Kongo", na tumewahi kusahihisha kazi yenye maneno hayo hayo. Tulitia alama nyekundu. Siku hizi tunajiuliza kama mtoto yule hakuwa karibu na ukweli kuliko sisi. Tuulize swali letu: "free" bila nini? Bila nchi nyingine ya Ulaya juu yake, maana ilikuwa ya mfalme mwenyewe. Na kwa wafanyabiashara, bila ushuru: mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulikuwa umekubaliana kwamba bidhaa zitaingia katika bonde la Kongo bila kulipiwa forodha. Wenyeji hawakuwamo katika hiyo "free". Ardhi iliyosemwa kuwa tupu ikawa mali ya serikali, na watu wakalazimishwa kuleta mpira wa msituni na pembe za ndovu. Kazi ya bure, kweli.

Hapo ndipo tulipoona kwamba hata neno letu la bure linahitaji kuangaliwa. Kiingereza tumekilaumu, lakini sisi nasi tuna neno moja lenye nyuso mbili. Nimepewa bure: sikulipa. Nimechoka bure: kazi haikuzaa kitu. Mtu bure: mtu asiye na thamani. Kilingala kinatenganisha: kitu usicholipia ni "ofele", na kitu kisicho na maana ni "mpamba". Kiswahili kinaviweka katika chungu kimoja, na tunaamini chungu hicho kimetuletea shida kwenye masomo.

Mnajua habari yenyewe. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika masomo ya serikali ni ya lazima na bila malipo. Ilikaa kwenye karatasi miaka mingi. Mwezi wa tisa wa 2019 ikaanza kutekelezwa, na masomo ya serikali yanayosimamiwa na makanisa yamo pia. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio walikuwa wakimlipa mwalimu, kila mwezi, kila muhula, na mtoto ambaye hakulipiwa alirudishwa nyumbani. Sisi tulikuwa tunasimama mlangoni na orodha. Hatutasahau nyuso za watoto wale. Basi 2019 madarasa yalijaa. Watoto waliokaa nyumbani miaka miwili, mitatu, walikuja, na wasichana wengi kati yao. Tulifurahi, na tulilemewa. Benchi la watoto watatu likakaliwa na watano.

Lakini neno lililopita sokoni lilikuwa "masomo ya bure", na masikio yalilisikia kwa namna mbili. Wazazi wengine walielewa "ofele" iliyo pana kuliko ilivyo: wakafikiri daftari, kalamu na nguo ya masomo vitatoka serikalini, na hata sekondari. Mwezi wa pili mtoto hana daftari, na mama anatuambia: "Si mlisema ni bure?" Wengine walielewa "mpamba". Kitu kisicholipiwa hakina thamani. Mtoto anabaki nyumbani siku ya soko kulinda mdogo wake, na mama anasema hakuna kilichopotea, hakulipa kitu. Tulimsikia mama mmoja akisema hivyo mbele ya mtoto mwenyewe, na mtoto alikuwa wa kwanza darasani.

Kwa hiyo tuulize hapa pia: bila nini? Bila malipo ya kumwandikisha mtoto wa msingi na bila ada ya kumlipa mwalimu, katika masomo ya serikali. Daftari, kalamu na nguo bado ni mzigo wa nyumba. Sekondari bado ina minervali. Masomo ya binafsi yana bei zake. Kama somo la msingi la serikali linakuomba pesa na hujui ni za nini, una haki ya kuuliza, kwa heshima, na kuomba karatasi ya malipo. Kuliza swali si ugomvi. Msione aibu mbele yetu. Kwa upande wetu tuseme pia jambo ambalo wazazi hawalioni: somo ambalo mzazi halilipii, lazima mtu mwingine alilipie. Kuna walimu waliofundisha miaka bila jina lao kufika kwenye orodha ya mishahara. Kwa mwalimu huyo, elimu ilikuwa bila malipo kwa namna nyingine kabisa.

Na uzazi wa bila malipo, ambao ulianzishwa Kinshasa mwezi wa tisa wa 2023, usikilizeni vilevile. Mama mwenye mimba asingoje siku ya uchungu ndipo aulize. Aende kwenye kituo chake cha afya mapema na aulize hapa kwetu hali ikoje, ni bila nini hasa: kuzaa kwa kawaida tu, ao na upasuaji pia, na dawa, na mtoto mchanga?

Tumalizie na simu, maana dada zetu wadogo walituomba. Ujumbe unafika: "Congratulations! Free 10 GB", bonyeza hapa, kisha mtumie watu kumi. Hapa "free" iko mbele, kwa hiyo inataka kusema bila malipo. Sarufi yake ni sahihi, ila ni uongo. Wanachotafuta ni namba ya siri ya pesa zako kwenye simu, ao wanataka wewe uwasambazie mtego kwa marafiki. Kampuni ya simu haikuombi namba ya siri ili ikupe zawadi.

Kuna na ujumbe mwingine, mfupi zaidi. Binti mmoja alituonyesha, ulitoka kwa mfanyabiashara mgeni aliyempa namba sokoni: "Are you free tonight?" Yeye alijibu kwa fahari, "Yes, I am free", akiwaza Lumumba na tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Mwanaume alikuwa anauliza kama ana nafasi usiku ule. Akaja na toleka hadi mlangoni, na baba wa binti ndiye aliyemfungulia. Haya, mengine mtayakamilisha wenyewe. Binti akitaka kukataa swali kama hilo, anajibu "No, I am busy", na hahitaji kueleza zaidi. Hilo tumemwandikisha kwenye daftari.

Mama wa Mangobo alituaga na pakiti yake. Alipofika nyumbani, binti yake alichukua kalamu, akaandika juu ya pakiti, chini ya maneno ya Kiingereza, kwa herufi kubwa ambazo koko anaweza kuzisoma bila miwani: BILA SUKARI, UNGA UPO. Koko anakula biskuti mbili asubuhi, kama muuguzi alivyomruhusu, na anasema hazina ladha.

Juma lijalo tutaangalia "take", ambalo limeandikwa kwenye dawa nyingi mlizo nazo nyumbani. Mwenye kisanduku cha dawa chenye maandishi ya Kiingereza asiyoyaelewa akilete siku ya posho.